Haki ya Kusema "Mimi": Uonevu, Familia na Kukubalika katika Riwaya ya Wonder

1.0 Utangulizi

Wonder, riwaya ya R.J. Palacio iliyochapishwa Marekani mwaka 2012, inamhusu August Pullman, mtoto wa miaka 10 wa mjini New York. August alizaliwa na uso usio wa kawaida na amekwisha kufanyiwa upasuaji mara 27. Baada ya kufundishwa nyumbani na mama yake, anaingia shuleni kwa mara ya kwanza katika darasa la tano. Riwaya hii husomwa zaidi kama mafunzo juu ya wema. Makala haya hayapingi usomaji huo, bali yanadai kwamba hoja yake nzito imo katika nafsi ya usimulizi: anayekubaliwa ni yule anayepewa haki ya kusema "mimi".

2.0 Uonevu kama Tendo la Lugha

Kwa sehemu kubwa ya riwaya, August hapigwi. Wenzake wana mchezo wao: anayemgusa hana budi kunawa upesi, la sivyo atapatwa na "tauni". Jina la ugonjwa limechukua mahali pa jina la mtu. Naye mama yake Julian, kiongozi wa waonevu, anaifuta sura ya August katika picha ya darasa.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia kulipima jambo hili. Nomino kipofu, kiziwi na kiwete zina kiambishi ki-, lakini upatanisho wake ni wa viumbe hai: twasema kipofu huyu amefika, wala si kipofu hiki kimefika. Upatanisho humrudishia mtu utu ambao umbo la neno limeutia shakani. Anayeuvunja kwa makusudi huwa ametukana. Ndivyo wanavyofanya wanafunzi hawa: wanamtoa August katika watu na kumtia katika vitu.

3.0 Familia na Kazi ya Kukubali

Riwaya ina sehemu 8 na wasimulizi 6. August husimulia mara tatu. Katika sehemu ya kwanza anakataa kuueleza uso wake. Kazi hiyo inamwangukia dada yake, Via, naye haifichi aibu yake. Anakiri kuwa, aliporudi baada ya wiki nne kwa bibi yake, alimwona ndugu yake kama wageni wamwonavyo. Baadaye anawaficha wazazi habari za mchezo wa kuigiza wa shuleni kwake ili August asije. Baba naye anaungama kuwa ndiye aliyeitupa kofia ya mwanaanga ambayo mtoto alikuwa akijifichia, kwa kuwa aliukosa uso wa mwanawe.

Kwa hiyo, kukubali hakuji na damu. Ni kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni kuungama. Rafiki yake Jack, anayemsengenya bila kujua kuwa August yumo ndani ya vazi la kinyago na anamsikia, anapita njia hiyo hiyo ya majuto na kuomba radhi.

4.0 Upungufu

Julian hapewi sehemu ya kusimulia. Sauti ya nyumba yao tunaisikia katika barua za mama yake kwa mwalimu mkuu. Palacio alimpa Julian usimulizi wake mwaka 2014, katika kitabu kingine. Ikiwa hoja yetu ni sahihi, basi hili si jambo dogo: riwaya inamnyima mwonevu nyenzo ile ile inayomwokoa mwonewa. Aidha, August anaishia kupewa medali na kushangiliwa, ingawa mwenyewe haoni alilotenda la ajabu. Je, mtoto asiye shujaa angekubaliwa?

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uonevu katika Wonder ni kumwondolea mtu unafsi wake, na kukubalika ni kumrudishia. Mwalimu anayefundisha riwaya za vijana asiishie kuuliza ni nani wa kuhurumiwa. Aulize pia ni nani anayesema, na ni nani aliyenyamazishwa.