Hundi ya Msamaha wa Mkopo Si Pesa ya Kutuma Nyumbani

Ndugu zangu wa Minneapolis na Saint Paul, somo la leo ni la nyinyi mnaotunza wazee, mnaosafisha majumba na mlio mjengoni, na mnataka kusomea unesi au kumsomesha mtoto. Mkopo wa shule ukichukuliwa ovyo, utakula pesa ya kutuma nyumbani miaka na miaka. Basi twende kwa mpangilio: kwanza pesa isiyorudishwa, halafu mkopo, halafu msamaha.

1. Anza na pesa ya bure

Tangu vuli ya 2024, Minnesota ina mpango unaoitwa North Star Promise. Familia ikiwa na kipato kilichorekebishwa (kile cha kwenye fomu ya kodi) chini ya dola 80,000 kwa mwaka, mpango unalipa karo na ada zinazobaki baada ya misaada mingine. Masharti yake:
- Mwanafunzi awe mkazi wa Minnesota na asiwe na digrii ya kwanza tayari.
- Chuo kiwe cha umma, kama North Hennepin kule Brooklyn Park au Saint Paul College, au kiwe chuo cha makabila asilia. Vyuo vya binafsi havimo.
- Ajaze FAFSA. Asiye na hadhi ya kujaza FAFSA aulize fomu ya Minnesota Dream Act, sheria ya 2013.

Angalia hapa: karo inalipwa, lakini kodi ya nyumba, chakula na nauli ni juu yako. Hapo ndipo watu hujikuta wakikopa.

2. Ukikopa, kopa unachoweza kusamehewa

Mkopo wa serikali kuu una msamaha kwa watumishi wa umma, ulioanzishwa kwa sheria ya 2007. Unalipa mara 120, yaani kama miaka 10, huku ukifanya kazi muda wote serikalini au kwenye shirika lisilo la faida. Kinachobaki kinafutwa. Baadhi ya nyumba za wazee ni biashara za watu, na miaka yako huko haihesabiwi. Uliza kabla ya kuanza kazi: mwajiri huyu ni wa faida au si wa faida?

Na ole wako ukihamishia mkopo huo benki ya binafsi kwa sababu ya riba nafuu. Ukishauhamisha, msamaha umekwenda na haurudi.

3. Msamaha wa jimbo

Idara ya Afya ya Minnesota nayo ina mpango wake. Nesi anaweza kuomba akiahidi kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nyumba ya kuishi yenye usaidizi, au kampuni ya kutunza wagonjwa majumbani. Ni kazi zile zile ambazo wengi wenu mnazijua. Mwanafunzi anaweza kuomba akiwa bado masomoni, kwa hiyo usingoje leseni. Na si kila anayeomba huchaguliwa.

Ukichaguliwa unasaini mkataba. Kila mwaka wa kazi unapata kiasi fulani, kwa muda usiozidi miaka 4, na hakizidi deni lako. Sasa sikiliza vizuri: pesa hiyo inalipwa kwako wewe, si kwa mkopeshaji.

Tuseme imeingia dola 5,000, na wiki hiyo hiyo nyumbani kuna msiba, au ploti inauzwa bei nzuri. Mkono utawasha. Usiiguse! Sheria inataka uthibitishe kwamba pesa yote imeingia kwenye mkopo, na bila uthibitisho huo malipo ya mwaka unaofuata hayatoki. Ukivunja mkataba, unarudisha ulichopokea pamoja na riba. Kubadilisha mwajiri kunaruhusiwa, mradi kazi mpya iwe ya aina ile ile inayokubalika.

Kwa hiyo waambie ndugu mapema: "Hii ni pesa ya deni, haijawahi kuwa yangu." Msiba na ploti viwe na akiba yake, hata ya dola 20 kwa wiki.

Kazi ya wiki hii

Chukua karatasi, andika mambo matatu: mkopo ni wa nani, mwajiri ni wa aina gani, na mkataba unaisha lini. Usipoweza kujibu hata moja, nenda ofisi ya misaada ya fedha chuoni ukaulize kabla hujasaini chochote. Masharti hubadilika, kwa hiyo yaulize upya kila mwaka.