Kuchagua Kisu Chema cha Kuchinjia na Kuchunia Wanyama Wadogo

Wazee husema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mara nyingi msemo huu hutumiwa kwa mafumbo, lakini leo tutautazama kwa maana yake iliyo wazi. Katika nyumba za kandokando ya Mto Tana, kuanzia Hola kuteremka hata Garsen na Kipini, kisu hushikwa kila siku. Walakini ni vyombo vichache vinunuliwavyo kwa fikira haba kama hicho. Mtu huingia dukani, huchukua kile king'aacho zaidi au kilicho rahisi kwa bei, akaenda zake. Haupiti muda mrefu kisu huwa butu, mpini hulegea, na mwenyewe hulilaumu duka. Kumbe kosa lilikuwa katika kuchagua.

Somo hili lahusu kisu cha kutengenezea wanyama wadogo, yaani kuku, bata, mbuzi, na sungura wa kufugwa. Twasema "wa kufugwa" kwa kusudi. Zamani kisu cha nyumbani kilichuna pia paa na sungura wa porini. Lakini mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuwinda wanyama wa porini, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo tu. Kwa hiyo mambo tutakayoeleza ni ya zizi na banda, si ya mwituni.

Hatari ya kisu butu

Watu wengi hudhani kwamba kisu kikali ndicho cha kuogopwa. Sivyo. Kisu kikali huenda pale unapokielekeza, wala hakihitaji nguvu. Kisu butu hutaka kusukumwa. Na kitu kinachosukumwa kwa nguvu juu ya ngozi yenye damu na mafuta huteleza ghafula, kikaangukia mkono wa pili ulioshika nyama.

Tena yuko mnyama mwenyewe. Mafundisho ya dini ya Kiislamu, inayofuatwa na Waorma na Wapokomo wengi, yamtaka mchinjaji anoe kisu chake barabara ili mnyama asiteseke. Na mtu wa dini yoyote aliye na huruma ataona kwamba hilo ni jambo la haki. Kisu kikali hukata koo kwa mkato mmoja. Kisu butu ni mateso kwa mnyama na aibu kwa mwenye nyumba.

Lakini neno kubwa zaidi ni maradhi. Mkono uliokatika ni mlango ulioachwa wazi, na damu ya mnyama mgonjwa hupita hapo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2006 hata miezi ya kwanza ya 2007, homa ya Bonde la Ufa ilienea Garissa, Tana River na sehemu nyingine za Kenya. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 684 katika Kenya, na kati yao 155 walikufa. Wengine waliambukizwa na mbu, lakini wengi walipata ugonjwa kwa kugusa damu na nyama ya wanyama wagonjwa, walipokuwa wakichinja, wakichuna au wakipasua. Basi kuchagua kisu si jambo dogo la jikoni tu.

Urefu ufuate kazi

Hakuna kisu kimoja kifaacho kwa kila kazi. Panga ni chombo chema shambani, lakini kumchunia sungura kwa panga ni kama kushona kanzu kwa msumari. Nyumba ya kawaida yatosheka na visu viwili.

Cha kwanza ni cha kuchinjia. Kwa mbuzi, bamba lake liwe la inchi 6 hadi 8, yaani sentimita 15 hadi 20, nalo liwe limenyooka, lisiwe na meno wala pengo hata moja. Urefu huo wawezesha koo kukatwa kwa kuvuta mara moja, bila kusega kama anayepasua ubao. Kwa kuku, inchi 5 zatosha.

Cha pili ni cha kuchunia na kupasulia, na hiki ndicho watu hukikosea. Wengi hununua kirefu, wakidhani kwamba urefu ni ubora. Bali kwa wanyama wadogo bamba la inchi 3 au 4 ndilo lifaalo. Ncha yake iwe karibu na vidole, ili ujue ilipo hata usipoiona ndani ya tumbo. Makali yake yapinde kidogo kuelekea juu karibu na ncha, kwa maana upinde huo ndio utenganishao ngozi na nyama bila kuitoboa. Sungura hasa hahitaji kisu kikubwa. Ngozi yake ni nyembamba, na baada ya kuikata mahali pachache huvuliwa kwa mikono kama shati.

Chuma

Visu vya madukani ni vya namna mbili kubwa. Viko vya pua isiyoshika kutu, na viko vya pua ya kawaida ishikayo kutu. Cha kwanza ni rahisi kutunza, nacho chafaa sana kwa watu wa delta ambako hewa ni ya unyevu na upepo wa bahari hufika. Cha pili hunoleka upesi na hupata makali mazuri sana, lakini kikiachwa na maji usiku mmoja, asubuhi huwa chekundu. Atakayekinunua awe mtu wa kukausha kisu chake na kukipaka mafuta ya kupikia kidogo kila amalizapo kazi.

Hata hivyo kipo cha namna ya tatu, nacho ni kisu cha mhunzi. Usikidharau. Mhunzi hodari akitumia springi kuukuu ya gari hutoa kisu kigumu kishindacho vingi vya dukani, kwa sababu pua ya springi hushika makali inapopashwa moto na kuzimwa vizuri. Lakini akitumia kipande cha chuma laini, kisu kitang'aa siku ya kwanza tu. Muulize mhunzi amekifua kwa chuma gani. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Mpini

Tazama jinsi bamba linavyoingia katika mpini. Katika kisu bora chuma hupita mpini wote mpaka mwisho, kikashikwa kwa misumari miwili au mitatu, nawe waweza kukiona kwa pembeni kati ya vipande viwili vya mti. Katika kisu dhaifu chuma huingia kidogo tu, kisha kikabanwa kwa gundi au kwa lakiri. Hicho kitachomoka siku utakapokaza mkono kwenye kiungo cha paja la mbuzi.

Mpini uujaze mkono, usiwe mwembamba kama kalamu. Usiwe wenye kung'arishwa mno, kwa maana mafuta yakiupata huteleza. Tena usiwe na nyufa, wala usizungushiwe kamba au kitambaa, kwani damu hujificha humo na sabuni haifiki. Wafaa sana mpini wenye kinundu mbele kinachozuia vidole visiteremke kwenye makali.

Majaribio kabla ya kulipa

Ukiwa dukani Garsen au penginepo, usione haya kufanya majaribio manne. Kwanza, kishike mpini na kukitikisa; kikicheza, kirudishe. Pili, kielekeze kisu kwenye mwanga na kutazama makali kutoka mwisho mmoja hata wa pili; makali mema hayarudishi nuru, lakini mahali palipo butu huonekana kama uzi mweupe unaong'aa. Tatu, bonyeza ncha polepole juu ya ubao. Bamba jema hupinda kidogo likarudi, bamba baya hubaki limepinda. Nne, kata ukingo wa karatasi iliyoshikwa hewani. Ukikosa karatasi, kipande cha jani la mgomba chatosha. Nalo ni jambo jepesi katika nchi ya Wapokomo. Kisu kikali hupita, kisu butu hurarua.

Mtu asijaribu makali kwa kupitisha kidole kwa urefu wa bamba. Desturi hiyo imewaumiza wengi.

Kunoa

Kisu hata kikiwa cha bei kubwa hakina faida kwa mtu asiyejua kukinoa. Nchi ya chini ya Mto Tana ni ya tope na mchanga, wala mawe mazuri ya kunolea hayapatikani kila mahali. Yafaa basi kununua kinoo cha dukani chenye pande mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Tia maji, laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa penseli ikiwa bamba lina upana wa inchi moja. Sukuma kisu mbele kana kwamba wataka kuparua ngozi nyembamba juu ya jiwe. Hesabu mara kumi upande mmoja na mara kumi upande wa pili, na usibadili mwinuko. Anza kwa upande wa kukwaruza, umalize kwa ule laini. Tupa itumiwe kwa panga na jembe tu. Kisu kidogo kikipigwa tupa hutafunwa, na baada ya mwaka huwa kama ukucha.

Kutumia kwa hadhari

Vaa glavu za mpira kama unazo, nawe mwenye kidonda mkononi mwachie mwenzako kazi hii. Kata kuelekea mbali na mwili wako, na mkono ulioshika nyama ukae nyuma ya makali siku zote. Upasuapo tumbo, geuza makali yatazame juu, tia vidole viwili chini ya ngozi ili viongoze ncha, na upasue polepole. Hivyo hutatoboa matumbo wala nyongo, ambayo uchungu wake huharibu nyama. Utakapofika kwenye viungo, tafuta mahali mifupa inapokutana na kukata hapo. Atakataye mfupa wenyewe aharibu kisu bure.

Ukimaliza, osha kisu kwa maji ya moto na sabuni, mpini pia, kisha ukikaushe na kukitia katika ala au kukiweka juu wasipofika watoto. Ukijikata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, likandamize kwa kitambaa safi, na uende zahanati ukaulize habari ya sindano ya kukinga pepopunda.

Siku ya kuacha kisu alani

Neno la mwisho lapita yote. Hakuna kisu, hata kiwe chema namna gani, kiwezacho kumfanya mnyama mgonjwa kuwa chakula salama. Baada ya mvua kubwa na mafuriko, mbu wakizidi, na mbuzi au kondoo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja na wana wao kufa, shuku homa ya Bonde la Ufa. Na mnyama akifa ghafula, damu nyeusi ikatoka puani au mkunduni bila kuganda, shuku kimeta. Usimchune, usimpasue, wala usiwaache mbwa wamguse. Mpelekee habari afisa wa mifugo aliye karibu siku hiyo hiyo.

Twajua kwamba shauri hili ni zito kwa mchungaji. Kuacha nyama ya mbuzi mzima ipotee ni hasara, na katika nyumba yenye njaa ni hasara maradufu. Lakini mbuzi mmoja hulipwa na mwingine, na baba au mama wa nyumba halipwi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, ndiyo. Ila yampasa kujua pia nyama ipi haifai kukatwa.