Haki ya Asiye na Kabila: Somo la Hilful Fudhul na Wanubi wa Kibera

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tukiulizwa Uislamu unasema nini kuhusu ubaguzi, wengi wetu tuna jibu tayari. Tutamtaja Bilal (r.a.), tutataja khutba ya kuaga, tutataja aya ya 13 ya Suratul Hujurat, kisha tutanyamaza kama watu waliokwisha maliza kazi. Somo la toleo hili linaanzia pale jibu hilo linapoishia. Mtu akinyimwa haki kwa sababu ya asili yake, Waislamu wanatakiwa wafanye nini hasa? Tutajifunza kupitia jamii ambayo wengi wetu tunaifahamu, na baadhi yetu tumezaliwa ndani yake: Wanubi, walioko Bombo hapa kwetu na Kibera huko Nairobi.

Msingi wa somo

Aya ya Hujurat inatufundisha mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, chanzo chetu sote ni mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Pili, mataifa na makabila yamewekwa ili watu watambuane. Tatu, anayetukuka mbele ya Allah (s.w.t.) ni yule anayemcha zaidi. Tuzingatie kwamba aya haikufuta kabila. Mganda abaki Mganda, Mlugbara abaki Mlugbara. Kilichokatazwa ni kuligeuza jina la kumtambulia mtu likawa mizani ya kumpimia haki yake.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu huwapata waovu peke yao. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Dharr (r.a.) aligombana na mtu akamwaibisha kwa kumtaja mama yake. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado ana chembe ya ujahili ndani yake. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu, mtu wa zuhudi na ukweli. Ikiwa yeye alihitaji kukumbushwa, sembuse sisi?

Sasa tuje kwenye kisa ambacho hatukisimulii mara nyingi. Kabla ya utume, Muhammad (s.a.w.) akiwa kijana wa takriban miaka 20, alikuja Makka mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen. Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi, alinunua bidhaa zake kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka, na katika mji ule asiye na ukoo hakuwa na wa kumtetea. Akapanda kilima cha Abu Qubays akapaza sauti yake. Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akawaita watu, nao wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an. Wakaapa kwamba yeyote atakayedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, watakuwa pamoja naye mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakaondoka, wakaenda kwa Al-As, wakaichukua mali ya yule Myemeni wakampa mwenyewe.

Kiapo hicho ndicho Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alikihudhuria, na baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwa ajili ya kiapo kama kile angeitika. Tushike mambo matatu katika kisa hiki: aliyedhulumiwa hakuwa wa kabila lao, walijipanga badala ya kusikitika tu, na hawakuachia njiani mpaka mali ikarudi.

Jamii moja, nchi mbili

Wanubi wa Afrika Mashariki ni kizazi cha askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Equatoria. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert chini ya kamanda wao Selim Bey, akawachukua wakawe jeshi lake Uganda. Waliwekwa katika ngome za Toro na Bunyoro, wakapigana vita vya wakoloni, na mwaka 1897 sehemu yao wakaasi. Baadaye waliingizwa katika King's African Rifles. Wa huku wengi wao walikaa Bombo, kilomita zipatazo 35 kaskazini ya Kampala kwenye barabara ya Gulu. Wa Kenya walipewa mahali pa kukaa pembezoni mwa Nairobi, msituni. Kwa lugha yao, Kinubi, ambacho ni mtoto wa Kiarabu, msitu huitwa kibra. Ndiyo Kibera ya leo. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza Kibera kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000.

Ni watu wamoja, wa jeshi moja, dini moja na lugha moja. Tazama sasa sheria ilivyowatenganisha.

Uganda, Katiba ya mwaka 1995 iliweka katika Jedwali la Tatu orodha ya jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Wanubi wamo katika orodha hiyo. Mtoto wa Kinubi aliyezaliwa Bombo ni raia kwa kuzaliwa, sawasawa na mtoto wa Kiacholi au wa Kisoga.

Kenya mambo yalikwenda vingine. Wakoloni waligawa ardhi kwa hifadhi za makabila, na Wanubi hawakupewa hifadhi kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa kabila la Kenya. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 walibaki Kibera bila hati ya ardhi. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 na kuomba kitambulisho, hakupewa kama jirani yake. Aliitwa mbele ya kamati ahojiwe, aulizwe babu yake alitoka wapi, alete karatasi ambazo huenda babu hakuwahi kuwa nazo. Bila kitambulisho hakuna kazi rasmi, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanubi walipewa jembe na bunduki pia, na baada ya miaka mia bado waliitwa wageni. Ndivyo ilivyowafika Bani Israil. Walipokelewa Misri kwa heshima zama za Yusuf (a.s.), na vizazi vilivyofuata wakafanywa kundi la kudhoofishwa, kama ilivyoelezwa mwanzoni mwa Suratul Qasas.

Waliochukua jukumu

Wazee wa Kibera hawakungoja kiongozi mkubwa atoke mbali. Walikuwa na baraza lao la wazee, na vijana wao wakaanzisha Nubian Rights Forum. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikwenda Mahakama Kuu ya Kenya, na miaka ikapita kesi isisikilizwe kwa undani. Mwaka 2006 malalamiko yao yakapelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2009 yakafikishwa mengine, kwa niaba ya watoto wa Kinubi, mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto.

Machi 2011 Kamati ilitoa uamuzi: Kenya imewabagua watoto hao na imevunja haki yao ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa Kamati hiyo kuhusu malalamiko yaliyoletwa mbele yake. Mwaka 2015 Tume nayo ikawapa haki kuhusu uraia na ardhi. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ekari 288 za Kibera. Ukilinganisha na zile ekari 4,000 na zaidi utaona ni sehemu ndogo, lakini ilikuwa hati ya kwanza mikononi mwao.

Tuangalie namna walivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye faida kwetu. Wasaidizi wa kisheria wa Kibera, watu wa mtaa uleule, walikuwa wakifuatana na mwombaji mpaka ofisi ya usajili. Waliandika: ameomba lini, ameombwa karatasi gani, amejibiwa nini, amesubiri muda gani. Kesi moja ni lalamiko, lakini kesi nyingi zilizoandikwa vizuri ni ushahidi. Qur'ani katika Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi ili haki isipotee. Wale waliichukua adabu hiyo wakaipeleka kwenye dirisha la ofisi.

Jambo la pili, hawakukataa msaada wa wasio wao. Malalamiko ya watoto yalipelekwa na mashirika mawili ya wanasheria, moja la Banjul, Gambia, na jingine la kimataifa. Hata waliokula kiapo nyumbani kwa Ibn Jud'an hawakuwa Waislamu, na Mtume (s.a.w.) alikisifu kiapo chao.

Jambo la tatu, haki yao iliwafaa na wengine. Serikali ya Kenya ilipoleta mpango wa Huduma Namba, Nubian Rights Forum walikwenda mahakamani pamoja na wenzao. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia serikali kukusanya vinasaba vya watu na alama za mahali wanapoishi, ikataka pawepo kanuni madhubuti kabla ya mpango kuendelea. Ulinzi huo ni wa kila Mkenya, hata yule aliyekuwa akiwaita Wanubi wageni.

Shaka moja na jibu lake

Wapo wanaosema: hawa walikuja na mkoloni, wakawapiga babu zetu, kwa nini leo tuwatetee? Ni kweli kwamba askari wale walitumika kuwatiisha wenyeji, na historia isifichwe. Lakini Qur'ani imekariri mara kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto aliyezaliwa Kibera mwaka 1990 hakumfuata Lugard.

Uganda tulikwisha kuiona hasara ya kuisahau kanuni hii, tena mara mbili katika miaka saba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 waondoke. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wenzetu. Waliotoka walitoka kwa sababu ya asili yao, na aliyewatoa alikuwa Mwislamu. Mwaka 1979 utawala wake ulipoanguka, Wanubi na watu wa West Nile waliuawa, wakaporwa, wakakimbilia Sudan na Kenya, kwa kuwa tu walihesabiwa kuwa watu wake. Mama muuza maandazi wa Bombo alilipishwa deni la ikulu. Anayelilia 1979 na kuinyamazia 1972 hajaielewa aya. Na anayelilia 1972 na kuinyamazia 1979 hajaielewa vilevile.

Sisi hapa chuoni

Kwa kuwa Wanubi wamo katika Katiba yetu, tusiseme kwamba mlango umefungwa vizuri. Wamaragoli wa Kiryandongo wamekuwa wakiomba kwa miaka waingizwe katika lile Jedwali la Tatu. Waganda wenye asili ya Asia nao wameomba. Wengi wa Wamaragoli si Waislamu. Je, hilo linatupunguzia wajibu? Yule Myemeni hakuulizwa dini yake juu ya Abu Qubays. Ibara ya 21 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, kuzaliwa au dini. Sheria tunayo, wanaohitajika ni watu wa kuisimamia.

Tuanze na madogo. Utani unaomwita mwenzetu mgeni kwa sababu ya jina lake au rangi yake tuuache, hata kama anacheka nasi. Tunapochagua viongozi wa jumuiya yetu, tusihesabu kabila kabla ya amana. Mwanafunzi akikwama katika kupata Ndaga Muntu kwa sababu ya asili yake, tusimwachie du'a peke yake. Tumsindikize, tuandike alivyojibiwa, na tuwaombe wenzetu wanaosoma sheria wamsaidie. Kazi hiyo haina sifa nyingi, lakini ndiyo iliyowafikisha Wanubi wa Kibera hapo walipo.

Maswali ya darasa

1. Aya ya Hujurat imetaja kutambuana. Taja njia mbili ambazo kabila linatusaidia kutambuana hapa chuoni, na njia mbili ambazo tumeligeuza likawa mizani.

2. Ni nini kilichowafanya watu wa Hilful Fudhul wafanikiwe: nasaba zao, kiapo chao, au kwenda kwao mpaka kwa Al-As? Toa hoja.

3. Katiba kuorodhesha jamii za nchi kunamlinda nani, na kunamwacha nani nje?

4. Kazi ya kufanya: zungumza na mzee mmoja wa jamii isiyo yako kuhusu mambo yaliyowafika mwaka 1972 au 1979. Msikilize bila kubishana naye, kisha uwasimulie wenzako darasani kwa ruhusa yake.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamia uadilifu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wallahu a'lam.