Mpelelezi wa Sinema na Vita vya Tanga: Somo la Kupima Hadithi



Watu wa pwani hawakuzoea kutoka katika sinema kimya. Tangu siku za majumba ya zamani, kama Majestic ya Tanga, hata siku hizi za vibanda vya video na simu za mkononi, picha ikiisha ndipo baraza huanza. Na ikiwa ni picha ya upelelezi, mabishano huzidi. Mmoja asema, "Hadithi hii yavuja. Ni adui gani awezaye kuwa mjinga hivi?" Mwingine asema, "Hilo si neno. Neno ni kwamba shujaa wenyewe mnayemsifu ni mwongo tangu mwanzo hata mwisho."

Mabishano hayo si upuzi. Ndani yake mna maswali mawili: Je, jambo hili laweza kuwa kweli? Na je, aliyelitenda ametenda vema? Leo twataka kuyapima maswali hayo kwa picha moja, kwa kuwa mtu mmoja aonyeshwaye humo alifika Tanga yetu.

Picha hiyo yaitwa The Lighthorsemen, nayo ilitengenezwa Australia mwaka 1987. Yasimulia vita vya Beersheba, katika nchi ya Palestina, tarehe 31 Oktoba 1917. Humo twamwona afisa wa upelelezi wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Apanda farasi hata karibu na askari wa Waturuki, nao wamfukuza, naye aangusha mkoba. Ndani yake mna karatasi za kuonyesha kwamba Waingereza watapiga Gaza, kumbe wakusudia Beersheba.

Mtazamaji mwenye shaka atauliza, "Jemadari gani huokota mkoba njiani akauamini?" Mwenzake atajibu kwamba katika mambo yenyewe mkoba ulitiwa pia pesa na barua ya nyumbani, ili uonekane ni wa mtu aliyeupoteza kweli, maana mtu hatupi pesa zake. Tena juu ya wema na ubaya, mmoja atasema uongo ni uongo. Mwingine atasema askari wa pande zote mbili wajua kwamba wako vitani, na ajuaye hivyo amekwisha kuonywa ajihadhari. Hata Mapatano ya Hague ya mwaka 1907 yaliruhusu hila vitani, lakini yalikataza kuua kwa khiana na kuitumia vibaya bendera ya amani. Basi tuushike mpaka huo, maana tutauhitaji mbele.

Sasa na turudi Tanga. Miaka mitatu kabla ya mambo ya mkoba, Meinertzhagen alikuja hapa akiwa afisa wa upelelezi katika jeshi lililotoka Bara Hindi, watu wapata 8,000, chini ya Jemadari Aitken. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilitangulia bandarini, na nahodha wake akawataka Wajerumani wautoe mji. Kwa hiyo adui akaonywa mapema. Jeshi likashuka Ras Kasone bila kuipeleleza nchi vema. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipata nafasi ya kuleta askari kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi, hata wakawa wapata 1,000. Mkuu wao, Lettow-Vorbeck, aliingia mjini usiku kwa baiskeli, akaziona meli za Waingereza zikiwa na taa zinazowaka. Tarehe 4 vita vilipopamba moto, nyuki walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili. Jioni hiyo askari wa Kijerumani walirudi nyuma kwa sababu amri haikueleweka, na mji ukaachwa wazi. Waingereza hawakujua, wao walikuwa wakirudi pwani. Tarehe 5 wakapanda meli zao, wakaacha bunduki nyingi na risasi malaki. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800.

Tuseme mtu angetuonyesha mambo hayo katika sinema, nasi hatujapata kusikia habari zake. Nahodha amwonya adui, mkuu wa jeshi aja kupeleleza kwa baiskeli, nyuki waingia vitani, na mji waachwa wazi pasipo mtu wa kuuchukua! Baraza zima lingecheka na kusema mtungaji ameishiwa akili. Walakini ndivyo yalivyokuwa. Hata Waingereza wengine hawakuweza kuyasadiki mambo jinsi yalivyo, na uvumi ukaenea kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Sasa tuutazame tena ule mkoba. Hadithi yake ni laini. Kila jambo laingia mahali pake. Meinertzhagen mwenyewe aliisimulia, na shajara yake ya maisha ya jeshini ilipigwa chapa mwaka 1960. Wengi waliisadiki, na watengenezaji wa picha wakaifuata. Lakini mwaka 2007 mwandishi Brian Garfield alitoa kitabu cha kuchunguza maisha yake, akaeleza kwamba shauri la mkoba lilikuwa la afisa mwingine, Belgrave, na aliyepanda farasi na kuuangusha ni mwingine tena, Arthur Neate. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wataalamu wa ndege walikuwa wamekwisha kugundua kwamba Meinertzhagen aliiba ndege waliokaushwa katika nyumba za makumbusho, akawaandikia vibandiko vya uongo juu ya mahali walipopatikana. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1967, akiwa na sifa zake. Njia ya mwongo ni fupi, twasema. Lakini njia hii ilichukua miaka mingi kufika mwisho wake.

Basi hapa lipo fundisho. Hadithi yenye matundu si lazima iwe ya uongo, wala hadithi isiyovuja si lazima iwe kweli. Mambo ya kweli mara nyingi yana matundu, maana wanadamu husahau, huogopa na kukosea. Mwongo ndiye apataye nafasi ya kuziba kila tundu.

Na swali la pili, la wema na ubaya? Mkoba ulimdanganya adui aliyejua kwamba yuko vitani. Kumnyang'anya mwenzako sifa ya kazi yake ni jambo jingine, maana huyo alikuamini. Na liko neno zito kuliko hayo. Tarehe 19 Oktoba 1905, huku Kenya, Meinertzhagen alikwenda kukutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano uliosemwa kuwa wa amani. Na hapo Koitalel akapigwa risasi akafa. Meinertzhagen alisema ni yeye aliyetegewa. Wanandi wasimulia kwamba Koitalel alikuja kupeana mkono. Wakuu wa Kiingereza walichunguza wakamwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Hapa ule mpaka wa hila na khiana wahusu damu ya mtu. Tukiisha kujua jinsi alivyosimulia habari za mkoba na za ndege, ni vigumu kulipokea neno lake peke yake juu ya mtu asiyeweza tena kusema.

Ninyi mliokabidhiwa vijana, msiwakataze kubishana juu ya picha wanazotazama. Mabishano hayo ni shule. Ila wafundisheni wasiishie kwenye matundu ya hadithi tu. Waulize pia ni nani anayesimulia, apata faida gani, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Kijana azoeaye kuuliza hivyo katika sinema atauliza hivyo hata katika mkutano wa kijiji, na mbele ya habari zinazoruka katika simu.

Maswali ya kujifunza:

1. Ni mambo gani ya vita vya Tanga yaonekanayo kama hadithi ya kubuni? Eleza sababu ya kila moja.

2. Eleza tofauti ya hila ya vitani na khiana. Toa mfano mmoja wa kila moja.

3. Tafuteni mzee asimulie jambo moja la zamani la mji wenu, kisha mwulizeni mtu wa pili habari hiyo hiyo. Wamepatana wapi, na wametofautiana wapi?