Usiache Dawa kwa Shauri Lako
Kijitabu cha jamaa wa nyumba yenye mtu anayetumia dawa za maradhi ya akili

Sababu ya kuandika

Katika miaka mingi ya kuwapokea wagonjwa kliniki nimewaona watu wale wale wakirudishwa, wengine wamefungwa kamba mikononi, na kila nilipoulizia sababu nilipewa jawabu moja: alipata nafuu, dawa ikamuudhi, akaiacha kimya kimya, wala hapana aliyekuja kutuambia. Maudhi ya dawa ni kweli, nami simdharau anayeyalalamikia. Lakini mengi yana tiba, au yana njia ya kuyapunguza. Klopromazini imetumiwa kwa maradhi haya tangu mwaka 1952, ilipoanzia Ufaransa, na haloperidoli ilipatikana Ubelgiji mwaka 1958, basi ni dawa zilizokwisha kujulikana tabia zake, na lolote utakalokuja kutueleza juu yake tumekwisha kulisikia kwa wengine kabla yako.

Neno lenyewe

Usiache dawa kwa shauri lako.

Hadaa ya siku za mwanzo

Mwenye kuacha dawa haoni ubaya wake siku ile ile, na hapo ndipo wengi wanapohadaika. Hupita wiki, pengine miezi, naye yu mwepesi wa mwili, uzito wa usingizi umemwondoka, na nyumba nzima inamshukuru Mungu na kusema kwamba kumbe vidonge ndivyo vilivyokuwa vikimwumiza. Kisha usingizi wa usiku unapungua, maneno yanazidi, dhana mbaya juu ya majirani inaingia, na maradhi yanapodhihiri hakuna anayekumbuka tena lini dawa iliachwa. Kijana mmoja mvuvi alikaa salama miaka miwili, akaacha, akaenda baharini kaskazi nzima na kurudi bila ya kasoro, jamaa zake wakaapa kwamba amepona. Masika hayakwisha, akaletwa kwetu amebebwa.

Mwenye dawa ya huzuni, kama amitriptilini, ana hadaa ya namna nyingine: maudhi humjia siku ya kwanza, lakini faida huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana. Anayeacha wiki ya kwanza ameonja uchungu wote, na utamu hakuungoja. Usiache dawa kwa shauri lako.

Yanayodhaniwa kuwa ni jini

Hutokea, hasa kwa vijana na hasa siku chache baada ya kuanza haloperidoli, shingo ikapinda upande, taya likakaza, ulimi ukatoka nje na macho yakapanda juu yasishuke, hata mtazamaji akaona hapana shaka kwamba mgonjwa amepandwa. Hakupandwa. Ni dawa. Mleteni upesi hospitali, kwani sindano moja humlegeza kwa muda mfupi, aghalabu kabla ya saa moja kutimia; na mkimpeleka kwanza kupungwa, mwamwongezea saa za mateso bure. Hatuzuii dua wala kombe. Twaomba tu kwamba mgonjwa aletwe, na dawa zake zisikatizwe kwa ajili ya hayo.

Kuna pia kuhangaika kwa miguu: mgonjwa hawezi kukaa kitako, akikaa ananyanyuka, akinyanyuka anakwenda na kurudi ukumbini usiku kucha. Jamaa hudhani wazimu umerejea, wakamwongezea kidonge, kumbe dawa yenyewe ndiyo inayomsumbua, na kidonge cha ziada humzidishia adhabu. Msiongeze, msipunguze, msiache, njooni mseme.

Mikono ikitetemeka na mwendo ukawa wa kukokota, tabibu aweza kupunguza dozi au kutoa benzheksoli. Hiyo nayo si peremende ya kuazimana na jirani, kwani ikizidi huvuruga akili.

Yanayosemwa kwa taabu

Mwanamume aliyepungukiwa na nguvu za kiume hatamwambia mkewe, wala mamaye, wala mimi mbele ya watu. Atatupa vidonge chooni, basi. Mwanamke aliyekatikiwa na hedhi, au aliyetokwa na maziwa ilhali hana mtoto wa kunyonya, hushikwa na hofu, na mumewe pengine hushikwa na shuku isiyokuwa na msingi. Yote mawili yaweza kuwa ni dawa, ingawa mimba nayo hupimwa kwanza, na yote mawili yaweza kushughulikiwa kwa kubadili dozi au kubadili dawa. Omba kusema faraghani. Nimewaona wengi waliorudi wagonjwa kwa sababu ya haya kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na kila nilipowaona niliumia moyo. Usiache dawa kwa shauri lako.

Mwanamke anayemeza sodiamu valproeti aje tuzungumze kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Na aliyekwisha kushika mimba aje siku hiyo hiyo.

Ya kila siku

Kinywa kikikauka, kunywa maji kidogo kidogo. Choo kikiwa kigumu, kula mapapai na mboga za majani, na utembee. Kizunguzungu cha kuinuka: kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Ukisinzia mchana, usipande mnazi, usiendeshe pikipiki, usiende baharini peke yako, na utuulize kama dozi yaweza kuhamishiwa usiku. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, basi vaa kofia na mikono mirefu. Anayenenepa kwa olanzapini apunguze soda na vitu vya kukaanga, na apimwe sukari. Pombe na bangi, hapana kabisa.

Dozi iliyosahauliwa

Usimeze mara mbili ili kufidia.

Pa kuweka dawa

Kashani, kwa kufuli, mbali na watoto.

Litiamu na funga

Anayetumia litiamu asikatize chumvi ghafla, asikae na kiu, wala asimeze ibuprofeni au diklofenaki bila ya kuuliza. Anayetaka kufunga Ramadhani aje tangu Shaabani, tuangalie kama funga inamfaa.

Mleteni saa ile ile

Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na akili kupotea. Vipele vinavyoenea au kinywa kuchubuka kwa anayetumia kabamazepini. Kutapika, kuhara, kutetemeka sana na kuyumba kwa anayetumia litiamu. Katika haya matatu asimeze kidonge kingine mpaka aonwe na tabibu, na aonwe leo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Na mgonjwa anayesema kwamba hana haja ya kuishi asiachwe peke yake hata kwa dakika moja; mleteni.

Siku ya kliniki

Njoo na vidonge vyote vilivyobaki, hata kama ni vya miezi mitatu ambavyo hukuvigusa. Hatuvihesabu ili tukukaripie, bali tupate kujua tuanzie wapi. Na kama umekwisha kuacha, usione haya, njoo kesho asubuhi.