Adui wa Kidonge Ni Maji ya Hewani

Katika somo hili twataka kujua jinsi kidonge cha dawa kinavyotengenezwa mahali pakavu, na kwa sababu gani yatupasa kukitunza kikavu mpaka saa ya kukimeza. Kwetu watu wengi huita kila kidonge "kinini", hata kama si dawa ya malaria. Jina si kitu. Neno kubwa ni hili: kidonge kilichoingiwa na unyevu chaweza kuonekana kizima, kumbe nguvu yake imekwisha.

1. Maji yaliyo hewani

Tazama chumvi ya jikoni wakati wa mvua. Hushikamana na kulowa, ijapokuwa hakuna mtu aliyeimwagia maji. Maji hayo yametoka wapi? Yametoka hewani. Hewa huchukua maji ndani yake, nayo hayaonekani kwa macho. Hewa ya joto huweza kuchukua maji mengi. Hewa ya baridi huchukua machache.

Fikiri sanduku lenye meta moja kila upande. Hewa iliyomo, ikiwa na joto la digrii 30, huweza kuchukua karibu gramu 30 za maji. Kwa digrii 20 huchukua karibu gramu 17. Kwa digrii 15, karibu gramu 13. Kwa digrii 10, gramu 9 hivi tu.

Sasa tufikiri siku moja kwetu Burungu. Mchana joto ni digrii 20, na hewa ya sanduku lile ina gramu 13 za maji. Basi hewa imejaa robo tatu, na wenye kupima husema unyevu wake ni 75 kwa mia. Usiku baridi huingia, na joto hushuka mpaka digrii 15. Maji ni yale yale, lakini sasa hewa imejaa kabisa. Joto likishuka tena, maji hayana mahali pa kukaa. Hutoka na kushika majani, mabati na kuta. Ndio umande. Kidonge kilichoachwa wazi juu ya meza hunywa unyevu huo, hata kama mvua haikunyesha.

Huko Walikale, chini katika msitu, joto ni kubwa zaidi na hewa ina maji mengi. Huko dawa hupigwa na maadui wawili pamoja, joto na maji.

2. Kidonge hutengenezwaje?

Katika kidonge, mara nyingi dawa yenyewe ni kidogo sana. Huchanganywa na unga mwingine usio dawa, kama wanga wa mahindi au sukari ya maziwa, ili kidonge kishikamane na kiwe na ukubwa wa kushikika. Mara nyingi mchanganyiko huo hutiwa maji kidogo na kukandwa, kama mama akandavyo unga wa mandazi, mpaka uwe chembe ndogo ndogo. Kisha chembe hukaushwa kwa hewa ya moto. Mwisho huingia katika mashine yenye matundu ya chuma. Kila tundu hupokea kipimo kimoja, na vyuma viwili, cha juu na cha chini, huubana unga kwa nguvu nyingi mpaka uwe kidonge.

Katika kazi hii maji yakizidi ni hatari. Unga hunata juu ya chuma. Tena haumwagiki vizuri: tundu moja hujaa, lingine halijai. Basi mgonjwa mmoja atapata dawa nyingi kupita kiasi, na mwenzake atapata kidogo. Lakini maji yakipungua mno ni vibaya pia. Kidonge hupasuka kichwa chake, kama tofali la udongo lililokaushwa upesi juani.

Kwa hiyo wenye kiwanda hawabahatishi. Huchukua chembe chache na kuzipima uzito. Kisha huzipasha moto, mara nyingi kwa digrii 105, na kuzipima tena. Ikiwa gramu 10 zimekuwa gramu 9.8, wajua ya kuwa maji yaliyokuwamo ni 2 kwa mia. Kila dawa ina kadiri yake iliyoandikwa, na chembe zisipoifikia, mashine haiwashwi.

3. Jinsi ya kukausha hewa ya chumba

Je, yafaa nini kukausha unga, kama hewa ya chumba imejaa maji? Unga utayanywa tena. Kwa hiyo hewa yenyewe hukaushwa kabla ya kuingia chumbani.

Njia ya kwanza ni baridi. Umeona jinsi chupa ya soda iliyotoka katika frigo inavyotoka jasho. Hewa iliyoigusa imepoa, na maji yake yametoka. Kiwandani hewa hupitishwa juu ya mabomba ya baridi, maji hudondoka na kuondolewa, kisha hewa hupashwa moto kidogo na kutumwa chumbani.

Njia ya pili ni gurudumu kubwa lenye silika. Silika ni kitu kinachopenda maji sana. Hewa hupita katika sehemu moja ya gurudumu na kuacha maji yake. Gurudumu huzunguka polepole, na sehemu ile iliyolowa hupigwa na hewa ya moto mpaka ikauke, ndipo irudi kazini.

Vyumba vingi vya vidonge hushikwa kati ya 40 na 50 kwa mia. Vidonge vinavyochemka katika maji hutaka ukavu zaidi, chini ya 25 kwa mia, la sivyo vitaanza kuchemka kabla havijafika kwa mgonjwa. Mlangoni huwa na chumba kidogo chenye milango miwili: wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa. Ukutani kuna kipimo cha unyevu, na hesabu yake huandikwa kila siku. Kipimo kikipita mpaka, kazi husimama.

Usifikiri kazi hii ni ya Ulaya tu. Kule Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kilijulikana kwa kutoa kinini katika magome ya mti wa kinkina uliolimwa hapa Kivu, na mwaka 2005 kilianza kutoa vidonge vya Ukimwi. Huko Luzira, Kampala, kiwanda cha Quality Chemical hutengeneza vidonge vya malaria na vya Ukimwi, nacho kiko karibu na ziwa Victoria. Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, kiwanda cha Universal Corporation kilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 kwa vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, wanavyopewa mama wenye mimba kuzuia malaria. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika kwa dawa hiyo. Nje ya kuta zao mvua hunyesha kama kwetu. Ndani wameizuia.

4. Plaketi ni chumba cha kiwanda

Kidonge kikitoka kiwandani, nani atakilinda? Plaketi yake. Karatasi ile ya alumini ni kama kipande cha chumba kikavu kilichokatwa na kutumwa kwako. Alumini haipitishi maji. Plastiki huyapitisha polepole, na kwa hiyo dawa zinazoogopa maji sana hufungwa kwa alumini pande zote mbili. Na katika chupa kubwa huwekwa mfuko mdogo wa silika. Si dawa, wala usiliwe, lakini una kazi.

Dawa za nchi zetu hujaribiwa kwa miezi mingi katika joto la digrii 30, na unyevu wa 65 au 75 kwa mia. Tena hujaribiwa miezi 6 katika digrii 40 na unyevu wa 75 kwa mia. Ndipo tarehe ya mwisho huandikwa. Lakini fahamu: dawa ilijaribiwa ikiwa ndani ya plaketi yake. Ukiitoa na kuifunga katika karatasi ya daftari, tarehe ile haikuhusu tena.

5. Ni nini kinachopotea?

Aspirini ikipata maji huvunjika, nayo hunuka kama siki. Hiyo yatuonya kwa harufu yake. Nyingine hazituonyi. Misoprostoli ni dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi baada ya kuzaa. Ikitolewa katika plaketi yake huanza kupoteza nguvu katika siku chache tu, na kidonge hakibadiliki sura.

Fikiri basi mama aliyezaa usiku mbali na hospitali. Njia imekatika kwa matope, na damu yatoka. Mkunga afungua sanduku lake na kumpa vidonge alivyoviweka tayari ndani ya karatasi wiki tatu zilizopita. Alifanya hivyo kwa nia njema, ili asichelewe. Lakini anachompa mama huyo ni unga dhaifu. Kazi yote ya kiwanda iliharibiwa na mtu aliyefungua mapema.

6. Mambo ya kushika

Usitoe kidonge katika plaketi mpaka saa ya kukimeza. Ukihitaji kugawa, kata kwa mkasi katikati ya nyumba za vidonge, usitoboe hata moja.

Chupa ya vidonge 1000 ifunguliwe moja tu kwa wakati. Funga mara moja. Acha mfuko wa silika ndani yake. Tumia kijiko kikavu, si mkono wenye maji.

Weka dawa juu ya mbao, mbali na ukuta wa udongo na mbali na moto unaopikiwa. Chupa iliyofunguliwa usiitie katika frigo, kwa maana ikitoka itatoka jasho kama ile ya soda.

Dawa zikipandishwa kutoka Goma kupitia Sake juu ya pikipiki, zifungwe katika mfuko wa plastiki, kisha katika ndoo yenye kifuniko. Anayelala katika hema afanye vivyo hivyo na dawa zake.

Pakiti ya SRO iliyogeuka jiwe, kidonge kilichovimba, kilichopasuka, chenye madoa au kinachonata, kirudishe kwenye kituo cha afya. Usikitupe mtoni.

Wala usianike vidonge vilivyolowa. Jua litaondoa maji, lakini nguvu iliyovunjika hairudi. Tena usizidishe idadi ya vidonge ukidhani utalipa upungufu. Nenda kwa muuguzi siku ile ile, upate vingine, usiache dawa katikati.

Maswali

1. Kwa nini chumvi hulowa ijapokuwa hakuna aliyeimwagia maji?
2. Unga ukiwa na maji mengi mno, kidonge kitakuwa na kasoro gani? Na ukikauka mno?
3. Eleza njia mbili za kukausha hewa ya chumba.
4. Kwa nini tarehe ya mwisho haifai kitu kwa kidonge kilichotolewa katika plaketi?
5. Leo ukirudi nyumbani, tazama mahali unapoweka dawa. Je, ni pakavu? Kama sivyo, utazihamishia wapi kabla ya usiku kuingia?