Kuvu Iuayo Nzi Wakati wa Magharibi

Uyoga uotao baada ya mvua, ukungu ushikao mkate uliolala, na hamira iumuayo unga wa maandazi, vyote ni vya jamii moja kubwa ya viumbe iitwayo kuvu. Kuvu si mmea, kwani haina umbijani wa kuiwezesha kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Kwa hiyo hulazimika kukipata chakula hicho kwa viumbe vingine. Kuvu nyingi hula mabaki ya viumbe vilivyokwisha kufa. Nyingine hushambulia viumbe vingali hai, nazo huitwa vimelea. Kiumbe anayeshambuliwa huitwa mwenyeji.

Katika makala haya tutazieleza kuvu chache ambazo haziishii kumla mwenyeji wao tu, bali kabla hajafa humfanya atende mambo ambayo mdudu mwenye afya hayatendi. Swali tutakalolifuata ni hili: mdudu mgonjwa akitenda jambo lisilo la kawaida, tutajuaje kwamba tendo hilo ni kwa manufaa ya kimelea, wala si dalili ya ugonjwa tu?

Nzi wa nyumbani na kuvu yake

Mwaka 1855 mtaalamu wa Kijerumani, Ferdinand Cohn, alieleza kuvu inayoua nzi wa nyumbani. Leo kuvu hiyo huitwa Entomophthora muscae. Maisha yake huanza pale spora, yaani chembe ndogo ya uzazi, inapomwangukia nzi na kunata mwilini mwake. Spora hiyo huota, ikatoboa ganda la mdudu na kuingia ndani. Humo kuvu huongezeka katika damu na kuanza kula akiba ya mafuta, huku viungo muhimu vikiachwa vifanye kazi. Kwa siku kadhaa nzi huendelea kuruka na kula kama kawaida.

Baada ya siku nne hadi saba hivi, jua linapokaribia kutua, mambo hubadilika. Nzi huacha kuruka, akapanda kwa miguu hadi mahali palipoinuka: ncha ya jani, ukuta, au kioo cha dirisha. Hutoa mrija wake wa kunyonyea, nao ukanata hapo alipo kwa utomvu mzito. Kisha mabawa huinuka juu na kuliacha tumbo wazi, naye hufa. Saa chache baadaye nyuzi za kuvu hupenya baina ya pingili za tumbo na kuanza kufyatua spora kwa nguvu. Asubuhi nzi huyo huonekana amezungukwa na duara la unga mweupe.

Hebu tulipime kila tendo. Kupanda juu huzipatia spora nafasi ya kuwaangukia nzi walio chini. Kunata kwa mrija huuzuia mzoga usidondoke. Mabawa yaliyoinuka hayazikingi spora zinapofyatuliwa. Hata saa ya kifo ina maana yake, kwani hewa ya usiku ni ya ubaridi na unyevu, nazo spora hukauka upesi katika joto la mchana. Hakuna hata moja kati ya haya linalomfaa nzi.

Sisimizi wa msituni

Mfano wa pili umechunguzwa katika misitu ya Thailand. Huko kuna sisimizi wa jenasi ya Camponotus, ambao hujenga viota juu mitini. Sisimizi aliyeshikwa na kuvu ya jenasi ya Ophiocordyceps huacha njia ya wenzake, akashuka hadi kwenye vichaka vya chini, akauma mshipa wa jani kwa nguvu na kufa akiwa amening'inia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sisimizi hao walikufa wakiwa wastani wa sentimeta 25 hivi juu ya ardhi. Wachunguzi walipowahamisha baadhi yao na kuwaweka juu mitini, au chini kabisa ardhini, kuvu haikukua ipasavyo. Jaribio hili lina uzito, kwa maana limethibitisha kwamba mahali alipofia sisimizi ndipo hasa panapoifaa kuvu.

Uhusiano wa namna hii ni wa kale mno. Huko Messel, Ujerumani, yamepatikana masalia ya jani lenye umri wa miaka milioni 48 ambalo mishipa yake ina alama za kuumwa zifananazo na zile ziachwazo na sisimizi wagonjwa wa leo.

Ni nani anayefaidika?

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mwenendo mpya wa mdudu mgonjwa umeletwa na kimelea kwa faida yake. Nzi aliyeambukizwa karibuni hupenda kukaa mahali penye joto. Tendo hili ni kinyume cha lile la jioni ya mwisho, kwani joto kali katika siku za mwanzo huidhuru kuvu na huweza kumponya nzi. Hii ni kinga ya mwenyeji, mfano wa homa ya binadamu. Basi yapo mambo matatu ya kupambanua: tendo limfaalo kimelea, tendo limfaalo mwenyeji, na udhaifu wa maradhi usiomfaa yeyote.

Wala tusiseme kwamba kuvu "inajua" au "imekusudia." Kuvu haina ubongo. Katika vizazi vingi mno, zile kuvu ambazo wenyeji wao walikufa mahali pafaapo zilieneza spora nyingi zaidi, na sifa zao zikarithiwa. Huu ndio uteuzi wa asili.

Njia itumikayo mwilini

Kuvu huutawalaje mwendo wa mdudu? Majibu yaliyopatikana hadi sasa si ya namna moja. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa kuhusu sisimizi: seli za kuvu zilienea karibu mwili mzima na kufanya wavu kuzunguka nyuzi za misuli, lakini hazikuingia ndani ya ubongo.

Kwa nzi hali ni tofauti. Mtaalamu wa Marekani, Carolyn Elya, na wenzake walichunguza nzi wadogo wa matunda wanaoshikwa na kuvu ile ile ya Entomophthora muscae, wakakuta seli za kuvu ubongoni mapema. Mwaka 2023 walieleza kwamba kiini cha kupanda juu ni msukumo wa ghafla wa kutembea, unaoanza saa mbili na nusu hivi kabla ya kifo. Neva fulani za ubongo na tezi itoayo homoni zinahitajika ili msukumo huo utokee. Zaidi ya hayo, damu ya nzi walio katika hali hiyo ilipotiwa katika nzi wasio na ugonjwa, hao nao walizidi kutembea. Kwa hiyo mna kitu ndani ya damu kinachochochea mwendo.

Manufaa kwa mkulima

Elimu hii si ya kujifurahisha tu. Kuvu nyingine, Metarhizium, hushambulia nzige na panzi, nayo imetengenezwa kuwa dawa ya kunyunyizia. Mwaka 2009 dawa hiyo ilitumika nchini Tanzania dhidi ya nzige wekundu, katika maeneo ya Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Mto Malagarasi. Haienei kudhuru viumbe wengine kama zifanyavyo sumu nyingi za viwandani. Kasoro yake ni kwamba huua polepole, na nzige walioambukizwa huota jua ili kupandisha joto la miili yao na hivyo kuchelewesha kifo. Mtu asiyeufahamu mwenendo wa mdudu mgonjwa atadhani dawa imeshindwa, na pengine ataitupa kabla ya wakati wake.

Zoezi la darasani

Tafuteni nzi waliokufa wakiwa wamenata kwenye kioo au ukutani, mabawa yakiwa juu. Mwekeni mmoja juu ya kipande cha kioo ndani ya chombo chenye karatasi iliyoloweshwa, kisha mfunike. Katika chombo cha pili mwekeni nzi aliyekufa kwa kupigwa. Kila asubuhi, kwa siku tatu, andikeni mnayoyaona kwa kutumia lenzi, na mnawe mikono kila mara.

Maswali:
1. Kwa nini nzi wa pili anahitajika?
2. Ukungu ukiota juu ya nzi wa pili, je, huo ndio uliomwua? Toeni sababu.
3. Buni jaribio la kupima kama nzi mgonjwa hupanda kwa kufuata mwanga au kwa kukwepa ardhi.